Shajara ya mradi: kuinua ukuta wa Irving Gill gerejini

Jumamosi, 11 Januari

Nimeanza. Naandika tarehe kabisa, maana mradi usio na tarehe huwa haujaanza.

Kazi yangu hapa San Diego ni zege. Saiti tuliyopo sasa ni ya maghala. Kuta tunazimwaga zikiwa zimelala juu ya sakafu, zinakaa siku kadhaa, halafu kreni inazisimamisha moja baada ya nyingine. Asubuhi ni uwanja mtupu, jioni ni ghala. Huku kusini mwa California maghala mengi hujengwa hivyo, na siku zote nilidhani ni utaalamu wa juzi juzi. Wiki iliyopita, wakati wa chai, foromani wetu alinicheka. Akasema nenda La Jolla, kuna ukumbi wa akina mama uliosimamishwa kwa mtindo huu kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia.

Nikaenda. La Jolla Woman's Club, mtaa wa Draper, ulikamilika 1914. Jengo la chini, jeupe, paa bapa, matao yamejipanga barazani, nakshi hakuna hata ya dawa. Mimi ni mtu wa Tanga, kuta nyeupe na matao si mageni kwangu, lakini za kwetu ni chokaa juu ya mawe, na ukizipapasa unausikia mkono wa fundi, pale ameshindilia, pale amechoka. Ule ukuta wa Draper nimeupapasa kutoka tao hadi tao, umenyooka kama uso wa meza. Na kweli, ulizaliwa mezani.

Aliyeuchora ni Irving Gill, msanifu majengo. Mradi wangu ni kutengeneza kipande cha ukuta wa aina ile, matao matatu, skeli ya moja kwa kumi na mbili, kwa zege la kweli, kisha nikisimamishe. Pembeni nitaandika habari za kazi yake kadiri ninavyokwenda, ili mafundi wa nyumbani wazipate kwa Kiswahili. Gereji tunatumia wapangaji watatu. Nimepewa kona moja na maonyo mawili.

Jumapili, 19 Januari

Leo ni ramani tu. Urefu sentimita 100, kimo 35, unene 3. Matao matatu sawa. Nimepiga hesabu, utakuwa na kilo 15 hivi. Kidogo kwa saiti, kingi kwa vidole.

Kilichonifurahisha katika kumsoma Gill ni kwamba hakusoma chuo. Alizaliwa 26 Aprili 1870 huko Tully, jimbo la New York, baba yake mkulima ambaye pia alikuwa mjenzi. Akajifunzia kazi ofisini, kwanza Syracuse, kisha 1890 akaenda Chicago. Huko alipita kwa Joseph Silsbee, halafu akaingia ofisi ya Adler na Sullivan, ambako mkubwa wa wachoraji alikuwa kijana anayeitwa Frank Lloyd Wright. Ofisi ile wakati huo ilikuwa na Jengo la Usafirishaji la maonyesho makubwa ya Chicago ya 1893. Afya ya Gill ikayumba, na kabla ya kumaliza miaka 23 akashuka San Diego kutafuta jua.

Mji wenyewe ulikuwa mdogo. Sensa ya 1900 iliwahesabu watu 17,700, na ya 1910 ikawakuta 39,578. Kwa fundi, hizo tarakimu mbili ndizo habari yote: ndani ya miaka kumi kila mtu anatafuta wa kumjengea. Kuanzia 1896 hadi 1907 Gill alishirikiana na William Hebbard. Mteja akitaka nyumba ya Kiingereza, wanamchorea ya Kiingereza, akitaka nyingine, anapata nyingine. Ndiyo maisha ya ofisi changa.

Jumamosi, 25 Januari

Nimekata plaiwudi na kutengeneza fomu, yaani boksi la kumwagia zege. Matao nimeyakata kwa msumeno mwembamba, nikayapiga msasa mpaka Rehema, binti yangu, akauliza kama natengeneza gitaa.

Uamuzi wa leo: sitengenezi meza ya kuinamisha. Nimesoma kwamba Gill alimwaga kuta zake juu ya meza maalumu iliyokuwa ikiinuka pamoja na ukuta. Naona ni mzunguko usio na sababu. Kazini hatuna meza. Tunamwaga chini, tunaweka ndoano, kreni inavuta. Nami nitaweka ndoano mbili juu na kuvuta kwa kamba iliyopita kwenye boriti.

(Nauacha uamuzi huu hapa kama ulivyo. Sifuti.)

Jumamosi, 1 Februari

Nimemwaga. Mchanga nimeuchekecha mara mbili, saruji moja kwa mchanga mbili na nusu, kokoto hakuna, kwa sababu kwa skeli hii punje ya kokoto ni jiwe la kukalia. Badala ya nondo nimelaza waya mwembamba.

Shida ilikuwa mafuta ya fomu. Nyumbani tungepaka oili chafu, na mbao zingebanduka zenyewe. Mke wangu amekataa oili chafu isiingie gerejini, na hapo ana haki. Nikapaka mafuta ya kupikia, kwa uchoyo kidogo.

Kupiga niru ukuta uliolala ni raha. Yeyote aliyewahi kupiga lipu ukuta uliosimama anajua bega linavyolia ikifika saa nane, na nusu ya mchanganyiko iko miguuni. Hapa mwiko unateleza kama unapaka siagi. Nilipofika katikati nikaelewa kwa nini kuta za Draper zimenyooka vile. Watu wa Gill walikuwa wakimalizia uso wa ukuta wakiwa wameuinamia, uzito wa mwili ukiwasaidia.

Alhamisi, 6 Februari

Umepasuka.

Nilivuta kamba taratibu. Ukingo wa juu ukanyanyuka kama sentimita kumi, sehemu ya chini ikawa bado imeng'ang'ania plaiwudi, nikasikia sauti ndogo kama biskuti. Ufa umekwenda moja kwa moja kwenye kilele cha tao la kati, pale ambapo juu ya uwazi zimebaki sentimita tisa tu za zege. Nikashusha. Ufa wa pili ukatokea wakati wa kushusha.

Nikampigia mjomba Tanga, fundi mwashi tangu kabla sijazaliwa. Nilikuwa nimeshamtumia picha.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Ehe, mgonjwa wako ameamka?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Sasa wewe mtoto mchanga unamnyanyua kwa mikono miwili? Shingo umemwachia nani?"

Nikamwambia kazini tunafanya hivyo hivyo. Akasema kazini kwenu mna nondo za kweli na injinia aliyekokotoa ndoano zikae wapi. Halafu akaniuliza zege lina siku ngapi. Nikasema tano. Akacheka mpaka akakohoa.

Jumapili, 9 Februari

Basi turudi kwenye meza niliyoidharau.

Mfumo ule haukubuniwa na Gill. Ulikuwa wa Robert Aiken wa Illinois, ambaye miaka michache nyuma alikuwa ameutumia kwenye majengo ya jeshi huko kwao. Unaanza na jukwaa imara lililolala juu ya jeki. Juu yake unapanga matofali ya udongo yenye matundu kwa safu, ili ukuta uwe mwepesi, katikati ya safu unapitisha nondo, fremu za chuma za madirisha na milango unaziweka humo humo, kisha unamwaga zege. Unalainisha uso. Likishika, unapandisha jeki, na jukwaa zima linainuka na ukuta ukiwa mgongoni mwake, kama mama anavyosimama na mtoto aliyembeba. Ukuta haujitegemei hata dakika moja mpaka umefika wima.

Gill alianza kuutumia kwenye nyumba ya Banning huko Los Angeles, iliyoanza 1911, akanunua na vifaa na haki za mfumo wenyewe, akaunda kampuni kwa ajili hiyo. Alikuwa na miaka arobaini na kitu. Msanifu wa umri huo na jina lake ana njia nyingi za kutafuta hela bila kununua majeki. Yeye akanunua majeki.

Hapo ndipo mtu huyu aliponishika. Wasanifu wengi huchora ukuta, halafu namna ya kuusimamisha ni shauri la fundi. Gill alitaka kuchora hata jasho la fundi.

Jumamosi, 15 Februari

Meza: plaiwudi nzito, bawaba tatu upande wa chini, jeki ya gari moja yangu, ya pili nimeazima kwa jirani. Ukingo wa chini nimeuwekea kizuizi cha mbao ili ukuta usiteleze ukiinuka.

Mchana nilikwenda kuiona nyumba ya George Marston, iliyoko ukingoni mwa Balboa Park, sasa ni makumbusho. Marston alikuwa mwenye duka kubwa la mjini na mtu wa kusikilizwa. Nyumba ni ya 1905, ya Hebbard na Gill. Mchoro ulianza na mapambo ya mbao za Kiingereza kwa nje, kisha ujenzi ukiendelea yakapunguzwa. Chini matofali, juu lipu, paa refu linalotoa kivuli cha kutosha. Bado si Gill wa matao. Ila unamwona mtu ameanza kuvua koti.

Kuanzia 1907, walipoachana na Hebbard, koti linavuliwa haraka. Muda mfupi akashirikiana na Frank Mead, na nyumba zinageuka masanduku meupe, kuta tupu, madirisha yaliyokatwa bila fremu za urembo. Mwaka uleule akachora nyumba ya zege kwa Homer Laughlin huko Los Angeles. Mwaka 1909 akapewa kazi ya maabara ya kwanza ya zege ya kituo cha utafiti wa bahari cha La Jolla, jengo ambalo leo linaitwa Old Scripps na bado limesimama karibu na mawimbi.

Jumapili, 23 Februari

Sijamwaga bado. Nimeshughulika na rangi, na nimepoteza wikiendi nzima bila majuto.

Nyeupe ya Gill haikuwa nyeupe ya ndoo. Ndani ya nyeupe alitia rangi za msingi, nyekundu, njano na bluu, kidogo sana, ili ukuta uwe tayari kupokea rangi ya chochote kilicho mbele yake, bustani, anga, jua la jioni. Nikajaribu kwenye vipande vya ukuta uliopasuka. Cha kwanza kilitoka kama uji wa ulezi. Cha pili bluu ilizidi, kikawa na sura ya hospitali. Kwenye cha nne nilitumia ncha ya kijiti cha kiberiti, tone la kila rangi kwa kikombe cha nyeupe, nikakiacha dirishani. Saa moja asubuhi kilikuwa na wekundu wa mbali. Saa kumi jioni, mti wa jirani ukiwa umetupa kivuli chake, kikawa na ukijani ambao ukikitazama moja kwa moja unakimbia. Rehema hakuamini ni rangi moja. Nimekiweka kwenye kabati la vyombo.

Ndani ya nyumba zake Gill alikuwa mtu wa usafi kupita kiasi. Ukuta ulipokutana na sakafu alitaka pawe na mkunjo wa mviringo, pasiwe na pembe ya kukusanya vumbi. Milango ilikuwa mibao bapa, haina paneli wala mifereji. Beseni la kuogea limejengewa pembeni mpaka chini, kwa hiyo hakuna uvungu wa kudeki. Kwenye baadhi ya nyumba alipitisha mabomba ukutani, unachomeka mpira wa kufyonzea vumbi popote ulipo, na uchafu unaishia chini kabisa. Taka za jikoni zilikuwa na njia yake kuelekea tanuri. Nyumba ya Dodge, 1914 hadi 1916, ilikuwa na kifaa cha kuoshea gari ndani ya gereji. Mwenyewe Walter Dodge alitajirika kwa dawa ya miguu inayouma, iliyoitwa Tiz. Mke wangu alisikiliza yote haya huku anafuta vumbi juu ya ubao wa chini ya ukuta, ule ambao nyumba za kupanga huku zote zinao, akasema, "Huyo aliwahi kushika ufagio."

Jumamosi, 1 Machi

Mfungo wa kwanza. Mchana sikugusa zege, nimesoma tu.

Mwaka 1910 Gill alijenga Lewis Courts huko Sierra Madre. Ni vijumba vidogo vilivyozunguka bustani moja ya pamoja, kila familia na kibaraza chake na pembe yake ya faragha. Viliwalenga watu wa kipato cha chini. Vilipokwisha vilipendeza mno, mwenye mali akapandisha kodi, na wale vilivyojengwa kwa ajili yao hawakuvimudu tena. Nimelisoma hilo mara mbili. Mpangaji yeyote wa San Diego angelielewa kwa kusoma mara moja.

Kisha Torrance. Kuanzia 1911 Jared Torrance alikuwa akianzisha mji wa viwanda kusini mwa Los Angeles. Ramani ya mji ikachorwa na ofisi ya akina Olmsted, na majengo yakapewa Gill. Akahamishia kazi Los Angeles. Stesheni ya reli ya Pacific Electric ni yake, na daraja la reli lenye matao, ambalo bado lipo, pia ni lake. Ila nyumba za wafanyakazi, ambazo ndizo alizozitaka kuliko yote, zilijengwa chache tu. Mafundi walizipinga. Nyumba isiyo na mbao za urembo, isiyo na nakshi, haina kazi ya kumpa seremala. Wenyewe wafanyakazi nao hawakufurahia nyumba tupu.

Hapa nagawanyika. Kama fundi, siwezi kuwalaumu wale maseremala. Mtu anakuja na mashine na mchoro unaofuta nusu ya siku zako za malipo, anakwambia ni kwa faida ya maskini, na maskini mwenyewe ni wewe. Lakini nikiutazama ule mchoro kama mpangaji, naitaka ile nyumba.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwaga ukuta wa pili baada ya futari. Saa mbili na nusu usiku, taa moja, jirani mwenye jeki amekuja kutazama na kubaki kushika karai.

Mabadiliko: mafuta nimepaka bila uchoyo, mara mbili. Waya nimeuongeza juu ya vilele vya matao. Katikati ya nguzo nimelaza vipande vya mbao nyepesi vilivyofungwa nailoni, mahali pa yale matofali ya matundu, na uzito umepungua karibu kilo mbili. Fremu ya mlango nimeiweka kabla ya kumwaga, kama wao. Nimefunika kwa gunia bichi. Kila nikiamka kula daku nashuka kulimwagilia. Mke wangu anasema sijawahi kuamka daku kwa hiari namna hii.

Jumapili, 16 Machi

Siku nane. Mjomba yuko kwenye simu ya video, simu imeegemezwa kwenye ndoo.

Jeki mbili, mimi huku, jirani kule, tunahesabu kwa sauti mizunguko ya mpini ili pande zote ziende sawa. Meza ikaanza kunyanyuka. Kwenye nyuzi 20 hivi ukuta ukatoa mlio, nikasimama. Ilikuwa mbao ya kizuizi ikijikaza. Tukaendelea. Kwenye nyuzi 60 jeki zikafika mwisho, ikabidi tumalizie kwa mikono, yeye anasukuma meza kwa nyuma, mimi mbele na pimamaji. Kiputo kikaingia katikati. Nikafunga mihimili miwili ya mbao kwa skrubu, kisha tukairudisha meza chini polepole.

Ukuta ukabaki.

Upande uliokuwa chini, uliogusa plaiwudi, una alama za mistari ya mbao, hata fundo moja la mti limejichora. Upande wa juu ni laini. Matao matatu, na mwanga wa mlango wa gereji ukapita katikati yake ukalala sakafuni vipande vitatu. Nimepiga picha nyingi kupita aibu. Mjomba akasema niupige kofi, nikaupiga, akasikiliza mlio kwa simu, akasema, "Huyo sasa mzima."

Jumamosi, 22 Machi

Leo nimezunguka La Jolla kwa mguu. Ukisimama mtaa wa Prospect, ndani ya dakika chache za kutembea unapata kazi nne za Gill: ukumbi wa akina mama, kituo cha michezo cha jamii kilichofunguliwa 1915, shule ya Bishop's, na nyumba ya Ellen Browning Scripps. Zote nne zina mkono wa mama huyo. Alizaliwa London 1836, alichuma kwenye magazeti, akagawa kwa mikono miwili. Nyumba yake ya zamani iliungua 1915 kwa moto wa kuchomwa makusudi, na Gill akamjengea nyingine ya zege, isiyoshika moto kirahisi. Leo iko ndani ya jumba la makumbusho ya sanaa. Viongezo vya baadaye viliificha, mpaka ukarabati wa 1996 ulipoufunua tena uso wake.

Nikiifikiria ile meza yangu, Miss Scripps ndiye aliyekuwa meza ya Gill. Kazi ilisimama vizuri pale alipokuwepo mtu wa kuibeba yote kwa pamoja.

Wengi husema Gill aliangushwa na Maonyesho ya Panama-California, yaliyofunguliwa Balboa Park 1 Januari 1915. Kweli yalimuumiza. Alikuwa amehusishwa mwanzoni, kisha kazi ikamwendea Bertram Goodhue wa New York, naye Gill akatoka. Goodhue akajenga mnara na kuba na lipu iliyochongwa kama keki ya harusi, Kihispania cha kifalme, na watu wakapagawa. Baada ya hapo kila mwenye kiwanja alitaka vigae vyekundu na nakshi juu ya mlango. Cha kuchekesha ni kwamba Gill naye alichota kwenye zile misheni za kale za Wahispania, ila yeye alichukua ukuta mnene na tao, vingine akaviacha. Mwaka 1916 aliandika katika jarida la The Craftsman kwamba mstari ulionyooka umeazimwa kwenye upeo wa macho, na tao limefuata kuba la mbingu. Alitaka nyumba iwe sahili na imara kama jabali, mapambo waachiwe mvua, kuvu na mimea inayotambaa.

Mimi naongeza sababu ya pili, ya kifundi. Meza ya Aiken inalipa ukiwa na kuta nyingi zinazofanana. Meza yangu imenigharimu siku tatu kwa ukuta mmoja, ningekuwa na kuta ishirini ingekuwa bure. Gill alinunua chombo cha kujengea mitaa mizima, akapata oda za moja moja. Kampuni ile haikumlipa. Hata kama Goodhue asingetia mguu San Diego, hesabu ile ilikuwa mbaya.

Jumamosi, 29 Machi

Mwezi ukionekana, kesho ni Idi, kwa hiyo naandika haraka.

Jana nilikwenda Oceanside, mwendo wa saa moja kaskazini, kuona kazi zake za uzeeni. Kituo cha zimamoto, 1929. Shule ya 1931 iliyowafundisha Kiingereza wahamiaji, iliyoitwa Americanization School. Jina hilo mimi mhamiaji nimelisoma ukutani nikatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Ofisi ya jiji ya 1934 sasa ni sehemu ya makumbusho ya sanaa. Ni majengo madogo, ya bajeti ya wakati wa dhiki, lakini tao likikatwa, limekatwa palepale panapostahili. Kabla ya hapo, 1932 na 1933, alijenga vijumba na kanisa huko Barona kwa Wenyeji wa Marekani waliohamishwa kupisha bwawa la El Capitan. Alifariki Carlsbad, jirani tu na Oceanside, 7 Oktoba 1936, akiwa na miaka 66.

Nyumba ya Dodge, ambayo wengi waliihesabu kuwa bora kuliko zote, ilikuwa Kings Road, West Hollywood. Ilibomolewa Februari 1970. Mtaa uleule kuna nyumba ya R. M. Schindler ya 1922, yenye kuta za zege zilizomwagwa chini na kuinuliwa, vipande vyembamba vyenye upenyo wa kioo kati yake. Schindler hakuwa na meza ya majeki. Alikuwa na Clyde Chace, mjenzi aliyewahi kufanya kazi na Gill, na walizisimamisha kwa kapi na kamba, kipande kidogo kidogo. Kumbe ile kamba yangu ya Februari haikuwa ujinga mtupu. Nilikosea ukubwa wa kipande.

Hali ya mradi: ukuta mmoja umesimama, umepakwa rangi ya kijiti cha kiberiti. Ukuta wa pembeni utakuwa na tao moja tu, na huo nitaujaribu kwa kapi, vipande vinne, bila meza. Paa bado. Jirani anataka jeki yake Jumatatu, ana tairi la kubadilisha.